Ukuta wa Bengals unavuja tangu Burrow afike: tatizo ni wale watano wa mbele au ni yeye mwenyewe?

Tarehe 13 Februari 2022 tulikuwa watu kama kumi hivi kwenye apatimenti moja hapa Dayton, Ohio, Wabongo, Wakenya na ndugu zetu wa Kongo, Super Bowl (fainali ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani) ya Bengals wa Cincinnati na Rams wa Los Angeles imebaki chini ya dakika moja, Bengals wako nyuma 23 kwa 20 na wanataka yadi moja tu ili waendelee na mpira. Joe Burrow, mrushaji wa Bengals, kapokea mpira, hata hajajipanga vizuri Aaron Donald wa Rams keshamfikia, kamkamata kiunoni anamzungusha, mpira ukarushwa ilimradi ukadondoka chini, basi, ubingwa ukaenda Los Angeles. Ila kilichoniuma zaidi yalikuwa marudio. Kwenye marudio unamwona Ja'Marr Chase, mpokea pasi wa Bengals, kule mbele, Jalen Ramsey aliyekuwa anamkaba kaanguka chini, Chase yuko peke yake kabisa. Ilihitajika sekunde moja nyingine, labda moja na nusu.

Tangu usiku ule mimi na kaka mmoja wa Goma tunayefanya naye kazi tuna ubishi ambao haujaisha mpaka leo. Yeye anasema Burrow anakaa na mpira mno, anajitakia. Mimi nilikuwa nasema ni ukuta, timu imemtelekeza kijana wa watu. Miaka imepita, nimeangalia mechi nyingi mno za hii timu, na nimekuja kuona kwamba wote wawili tulikuwa na haki kwenye sehemu fulani na wote wawili kuna kitu kikubwa tulikuwa hatukioni.

Kwa wale wa nyumbani ambao huu mpira wa Kimarekani hawaufatilii niseme kidogo tu. Kwotabeki ndo mrushaji, kila kitu kinapita kwake. Mbele yake wanasimama watu watano wakubwa kweli kweli, wengi wao kilo 140 na zaidi, kazi yao haina hata kugusa mpira isipokuwa yule wa katikati, senta, anayeutoa kwa kuupitisha nyuma katikati ya miguu yake. Kushoto na kulia kwa senta kuna magadi wawili, na nje kabisa walinzi wa pembeni wawili. Kazi yao ni kumkinga mrushaji kwa sekunde mbili na nusu hivi, tatu ukibahatika. Wakishindwa, mrushaji anaangushwa na mpira mkononi, hiyo ndo inaitwa saki, unapoteza yadi, na mara nyingine unapoteza mtu.

Na hapa naomba tuelewane kitu kimoja maana ndo msingi wa yote nitakayosema. Ukuta huu ni kama mabeki wanne wa soka wanapocheza mtego wa kuotea. Wote wapande pamoja, akibaki mmoja tu nyuma kwa hatua moja mtego umekufa, na haijalishi wale watatu wengine ni wazuri kiasi gani. Wapinzani wanajua hivo, wanapishana kusudi, mmoja anakatiza kulia mwingine anazunguka nyuma yake kushoto, na gadi na mlinzi wa pembeni inabidi wakabidhiane watu bila hata kuongea, kwa kuzoeana tu. Kwa hiyo ukiwa na mastaa watano waliokutana mwezi uliopita unaweza ukawa na ukuta mbovu, na ukiwa na watu wa kawaida waliocheza pamoja miaka mitatu ukawa na ukuta mzuri tu. Hii pointi ishike.

Sasa twende kwenye hesabu. Burrow kachukuliwa namba 1 kwenye drafti ya 2020, ule mgao ambao timu zinachagua vijana wa vyuoni kwa zamu, raundi kwa raundi. Msimu wake wa kwanza kacheza mechi 10 kapigwa saki 32, tarehe 22 Novemba kule Washington goti la kushoto likaenda, ACL, ile kano ya ndani ya goti, msimu umeisha. 2021 karudi kapigwa saki 51, hakuna mrushaji aliyepigwa zaidi yake ligi nzima mwaka ule, halafu kwenye mtoano akaongezewa 19, zikiwemo 9 kwenye mechi moja dhidi ya Titans (na wakashinda 19 kwa 16, mpaka leo sijui walishindaje) na 7 kwenye ile Super Bowl. Jumla 70 ndani ya msimu mmoja. 2022 saki 41. 2024 saki 48.

Wengi wanaishia hapo, wanasema unaona, 2024 ukuta ulikuwa mbaya kuliko 2022. Hapana, tusiende haraka. 2024 Burrow karusha mara 652, hakuna aliyerusha mara nyingi hivo kwenye ligi, 2021 alirusha 520 tu. Ukichukua saki ukagawa kwa mara zote alizorudi nyuma kutaka kurusha, 2020 ni kama 7 kwa kila 100, 2021 karibu 9, 2022 zaidi kidogo ya 6, 2024 karibu 7. Yaani ukuta wa 2021 ulikuwa janga kweli, hiyo haina mjadala, lakini baada ya pale ni ukuta wa kawaida kuelekea kuwa mbovu, ambao ulikuwa unatumikishwa kupita kiasi. Na kwa nini ulitumikishwa? Kwa sababu 2024 safu ya ulinzi ya Bengals ilikuwa haizuii mtu. Walifunga pointi 33 wakafungwa na Commanders, walifunga 38 wakafungwa na Ravens, walifunga 34 wakafungwa na haohao Ravens, walifunga 38 wakafungwa na Steelers. Ukiwa nyuma muda wote lazima urushe, na mpinzani akishajua unarusha hana haja ya kuwaza mkimbiaji, anakuja moja kwa moja kwa mrushaji wako na nguvu zake zote. Kwa hiyo baadhi ya saki zile 48 mimi nazihesabu kwa safu ya ulinzi ya Bengals wenyewe, sio kwa wale watano.

Haya tuje kwa kaka yangu wa Goma na hoja yake, na nitaitendea haki maana nilimpuuza muda mrefu.

Burrow kweli anakaa na mpira. Ana ule moyo wa kuamini kuna kitu kitafunguka kule mbele, na mara nyingi kinafunguka kweli, ndo maana 2024 kamaliza na yadi 4,918 na tachidauni 43 (tachidauni ni kama goli, mpira kufikishwa eneo la mwisho la mpinzani), zote namba moja kwenye ligi. Lakini bei yake ni hiyo, mlinzi wa pembeni kamkinga mtu sekunde tatu vizuri kabisa, kazi yake kaimaliza, sasa inaingia sekunde ya nne na ya tano, hapo hata ungemweka nani atapitwa. Watu wakiangalia wanaona jina la yule mlinzi tu.

Na ushahidi mkubwa upo 2022. Mwaka ule Bengals walisajili watu watatu wapya wa ukuta kwa mpigo, Alex Cappa gadi kutoka Tampa Bay, Ted Karras senta kutoka New England, La'el Collins mlinzi wa pembeni kutoka Dallas, wakamwongeza na mgeni Cordell Volson wa raundi ya nne. Tukasema tatizo limekwisha. Mechi mbili za kwanza Burrow kapigwa saki 13! Saba na Steelers, sita na Cowboys, na zote wamefungwa. Sisi huku tumeshika vichwa. Halafu mechi 14 zilizobaki alizocheza kapigwa 28, yaani mbili kwa mechi. Kutoka sita na nusu kwa mechi hadi mbili, na wale wale watu watano. Nini kilibadilika? Kaka yangu anasema Burrow alianza kuutoa mpira haraka, pasi fupi, wakaacha kung'ang'ania mabomu ya mbali ambayo wapinzani walishakaa kuyasubiri na mabeki wawili nyuma kabisa. Na ni kweli kabisa alibadilika, angalia mechi zenyewe.

Lakini kuna upande wa pili wa hadithi hiyohiyo. Julai ya mwaka ule Burrow alifanyiwa opareshini ya kidole tumbo mazoezi ndo yanaanza, Collins naye alikuwa na mgongo hakufanya mazoezi ya kutosha, kwa hiyo wale watano na mrushaji wao walikutana kwenye mechi ya ushindani karibu bila kuzoeana. Mechi mbili zile ndo zilikuwa mazoezi yao. Ukuta ulipozoeana ukakaa sawa. Nani kamsaidia nani hapo, mrushaji kausaidia ukuta au ukuta umemsaidia mrushaji? Mimi naona vilikwenda pamoja na huwezi kuvitenganisha, na yeyote anayekwambia ni kimoja tu anakudanganya.

Kisha mwisho wa msimu ule ule ukaja kuonyesha jinsi kitu hiki kilivyo chepesi kuvunjika. Collins goti likakatika mkesha wa Krismasi, Cappa kifundo cha mguu mechi ya mwisho ya ligi, Jonah Williams goti likateguka mechi ya kwanza ya mtoano. Watu watatu kati ya watano ndani ya wiki nne. Wakaenda Buffalo kwenye theluji na watu wa akiba, wakashinda 27 kwa 10, walipanga vizuri ajabu siku ile. Wiki iliyofuata Kansas City, Chris Jones na wenzake wakawapitia katikati, saki 5, wamefungwa 23 kwa 20. Tena 23 kwa 20, matokeo yaleyale ya Super Bowl. Nilitoka nje nikakaa kwenye gari.

Sasa ngoja niseme lile ambalo mimi na kaka yangu hatukuliona. Tulikuwa tunabishana kuhusu mechi, wakati tatizo lilianza kabla Burrow hajafika, na lina jina, 2017.

Machi 2017 Bengals waliwaachia watu wawili waondoke kwa mpigo. Kevin Zeitler, gadi mzuri sana, akaenda Cleveland. Na Andrew Whitworth, mlinzi wa pembeni kushoto, misimu 11 hapo Cincinnati, nguzo yenyewe, akaenda Rams akiwa na miaka 35. Hoja ya klabu ilikuwa inaeleweka, mtu wa miaka 35 kwenye nafasi ile utamlipa mamilioni kwa muda gani? Na walishajiandaa, 2015 walitumia drafti ya raundi ya kwanza na ya pili kuchukua walinzi wa pembeni wawili, Cedric Ogbuehi na Jake Fisher, wawe warithi. Kwenye karatasi mpango safi kabisa. Tatizo ni kwamba warithi wote wawili walifeli, na mzee Whitworth akaendelea kucheza, na kucheza vizuri, na usiku ule wa Februari 2022 tulipokuwa tunaangalia Burrow akizungushwa na Donald, upande wa pili Whitworth wa miaka 40 alikuwa anamkinga mrushaji wa Rams. Kabeba ubingwa mbele ya timu iliyomlea, mwezi uliofuata kastaafu. Kila nikikumbuka hilo napata uchungu.

Watu wengi wa Cincinnati ukiwauliza watakwambia tatizo ni ubahili wa familia ya Brown. Mike Brown ndo mwenye timu tangu baba yake Paul Brown afariki 1991, ni timu ya familia, inajulikana kwa kuwa na maskauti, wale wasaka vipaji, wachache kuliko timu nyingi. Nami niliimba wimbo huo miaka mingi. Lakini nikikaa chini kuhesabu naona hauendani na rekodi. Kati ya 2015 na 2024, drafti kumi, Bengals walitumia chaguo lao la raundi ya kwanza kwa mtu wa ukuta mara nne: Ogbuehi 2015, Billy Price 2018, Jonah Williams 2019, Amarius Mims 2024. Mara nne kati ya kumi, huwezi kusema wanapuuza ukuta. 2022 wakasajili watatu. 2023 wakampa Orlando Brown Jr. mkataba wa miaka minne wa dola milioni 64. Hela imetoka jamani.

Ila angalia nini kimetokea kwa hao watu. Ogbuehi kafeli. Price, senta aliyetoka hapahapa Ohio State, misimu mitatu kauzwa Giants wakabadilishana na B.J. Hill (ambaye ndo alinasa pasi ya Patrick Mahomes, mrushaji wa Kansas City, kwenye nusu fainali ya msimu ule, kwa hiyo biashara yenyewe iliishia vizuri, lakini sio kwa ukuta). Jonah Williams msimu wake wa kwanza wote alikaa nje kwa bega. Mimi nikiangalia orodha hiyo naona tatizo la malezi zaidi kuliko tatizo la pesa. Kijana wa ukuta anafika ligi hajaiva, na ndo hali ilivyo siku hizi kwa wote, vyuoni wanacheza mpira wa haraka haraka, wanasimama wima, pasi inatoka sekunde moja na nusu, akija ligi kubwa inabidi afundishwe upya kuanzia jinsi ya kuweka miguu. Halafu tangu mkataba wa wachezaji wa 2011 mazoezi ya kuvaa vifaa kamili na kugongana msimu ukishaanza hayazidi 14. Ni jambo jema kwa afya zao, siwezi kulipinga hata kidogo, hawa ni binadamu wana vichwa na magoti, lakini mtu wa ukuta hajifunzi kusukumana kwa kuangalia video. Anahitaji mwalimu mmoja, muda mrefu.

Na hapo ndo Bengals walipojiangusha. Paul Alexander alikuwa mwalimu wa ukuta hapo zaidi ya miaka 20 mpaka 2017. Baada yake, 2018 Frank Pollack. 2019 kaondolewa kaletwa Jim Turner. 2021 Turner kaondoka Pollack karudishwa. Januari 2025 Pollack kafukuzwa tena, kaja Scott Peters. Kijana aliyeingia 2018 kaanza na mwalimu mmoja, mwaka uliofuata anaambiwa mguu huu usiweke hivi weka vile, miaka miwili baadaye anaambiwa rudi kule kule. Linganisha na Philadelphia Eagles, mwalimu wao wa ukuta Jeff Stoutland kafika pale 2013 kakaa miaka zaidi ya kumi. Walimletea Jordan Mailata, Mwaustralia mcheza ragbi, hajawahi kucheza huu mpira hata siku moja, wamemchukua raundi ya saba 2018. Akafundishwa. Tarehe 9 Februari 2025 ndo mlinzi wa pembeni kushoto wa mabingwa wa dunia.

Nisiwaonee Bengals kana kwamba wao tu, hata Kansas City siku hiyohiyo ukuta wao ulisambaratika, walikuwa wamemsogeza gadi wao Joe Thuney akacheze pembeni kwa kukosa mtu, Mahomes kapigwa saki 6 na Eagles hawakutuma hata mtu mmoja wa ziada. Kwa hiyo hiki kitu kinaweza kumpata yeyote. Tofauti ni unafanya nini baada ya hapo.

Na hapa lazima nigusie ule ubishi wa drafti ya 2021 maana kila mjadala wa Bengals unaishia huko. Walikuwa na chaguo namba 5, mrushaji wao ana goti limeshonwa, mezani kuna Penei Sewell mlinzi wa pembeni wa Oregon na kuna Ja'Marr Chase risiva (mpokea pasi) aliyecheza na Burrow pale LSU wakachukua ubingwa wa vyuo. Mji uligawanyika. Wakamchukua Chase, Sewell akaenda Detroit namba 7 akawa mmoja wa walinzi bora kabisa wa ligi. Wanaosema walikosea wana hoja nzito, saki 70 mwaka ule ule, mrushaji wako unamtoa hospitali unamrudisha vitani bila ngao. Wanaosema walipatia nao wana hoja, Chase msimu wake wa kwanza yadi 1,455, mgeni bora wa ushambuliaji, wakafika Super Bowl baada ya miaka 33, na 2024 akaongoza ligi kwa kila kitu, mapokezi 127, yadi 1,708, tachidauni 17.

Mimi msimamo wangu ni kwamba namba 5 walipatia. Wangemchukua Sewell pia wangepatia. Kosa lilikuwa raundi iliyofuata. Walikuwa na namba 38, wakaiuza kwa Patriots wakashuka hadi 46 ili wapate machaguo zaidi ya chini, pale 46 wakamchukua Jackson Carman, mlinzi wa pembeni wa Clemson, wakamgeuza gadi, hakuwahi kutulia popote. Namba 63 Kansas City wakamchukua senta Creed Humphrey, akawa senta bora wa ligi. Kusema haki, timu nyingi zilimpita Humphrey, hata Kansas City wenyewe walichukua mtu mwingine kwanza namba 58. Sio kosa la kipekee. Lakini angalia mpango mzima wa Kansas City mwaka ule. Februari 2021 walifungwa Super Bowl na Tampa Bay 31 kwa 9, walinzi wao wa pembeni wote wawili majeruhi, Mahomes anakimbizwa uwanja mzima. Miezi mitatu haikuisha wameshamsajili Thuney, wamembadilishana Orlando Brown Jr. na Ravens, wamemdrafti Humphrey, wamemdrafti Trey Smith raundi ya sita. Msimu ulipoanza wote watano wapya, na vijana wawili wa katikati wakakaa pamoja miaka. Wakabeba ubingwa mara mbili, 2023 na 2024.

Bengals wao kila mwaka wanabadilisha kipande kimoja au viwili. Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta, na hawa kuziba ufa wanaziba kwa bidii kweli, 2021 Riley Reiff wa mwaka mmoja, 2024 Trent Brown wa mwaka mmoja akaumia msimu hata haujafika mbali, kila kiraka kinawekwa na mtu mwema mwenye nia njema. Lakini huu ukuta unataka kujengwa upya kutoka msingi, na uachwe ukauke.

Swali la haki ambalo mtu ataniuliza, na hela je? Machi 2025 Chase kapewa dola milioni 161 kwa miaka minne, Tee Higgins milioni 115 kwa miaka minne, na Burrow mwenyewe tangu 2023 ana mkataba wa milioni 275 kwa miaka mitano. Ligi ina kikomo cha matumizi, ukiwalipa watatu hivo wale watano wa mbele watabaki na nini? Ni hoja ya kweli na inanipa wasiwasi. Ila ndo maana malezi yanakuwa muhimu zaidi, kijana wa drafti ni wa bei nafuu miaka minne, Mims, Dylan Fairchild wa raundi ya tatu 2025, hao ndo wa kujengea. Huwezi kuwa na marisiva wa bei hiyo halafu ukuta pia uununue sokoni.

Ile namba inayonisumbua kuliko zote sio saki. Ni mechi ambazo Burrow hakuwepo. 2020 alikosa 6 kwa goti. 2023 alikosa 7 kwa kifundo cha mkono. Septemba 2025 kaangushwa dhidi ya Jaguars, kidole gumba cha mguu, opareshini, kakosa 9 mpaka akarudi siku ya Thanksgiving, sikukuu yao ya mwisho wa Novemba. Mechi 22, yaani zaidi ya msimu mzima wa mwanaume mwenye kipaji cha namna ile, na tangu 2023 hawajagusa mtoano. Hapa namgeukia tena kaka yangu wa Goma, ndiyo, Burrow angeutoa mpira mapema zaidi baadhi ya hizo mechi angecheza, naye ana miaka karibu 30 inabidi ajifunze kuutupa nje na kusubiri mpira unaofuata. Nimekubali hilo, na nimemwambia. Lakini mtu aliyevunjwa goti msimu wake wa kwanza akiwa nyuma ya ukuta ule, halafu akapigwa 70 msimu wa pili, usitegemee awe ametulia akihesabu sekunde kama saa ya ukutani.

Mwishoni mwa 2025 niliona kitu ambacho sijakiona muda mrefu, Mims kulia anaanza kuwa mtu mzima, Fairchild kushoto ndani hasukumwi ovyo, wanakabidhiana watu vizuri. Kinachonitia hofu ni katikati. Karras kazaliwa 1993, ndo anayewapanga wenzake kila mpira kabla haujatoka, na mrithi wake wa kweli simwoni. Kijana wa kumrithi inabidi awepo tayari akae naye msimu mzima pembeni ajifunze, asiletwe siku Karras anaondoka kama walivyojikuta kwa Whitworth. Na asiniambie mtu kwamba masenta hawapatikani. Mwaka 2011 kulikuwa na kijana anacheza ukuta chuo kikuu cha Cincinnati, uwanja wao na uwanja wa Bengals ni mji mmoja, kilomita chache tu, ungeweza kumwendea kwa miguu. Timu zote zilimpita raundi tano nzima, Bengals nao wakampita, Philadelphia wakamchukua raundi ya sita. Anaitwa Jason Kelce, akaja kuwa mmoja wa masenta bora kabisa wa ligi.